Vikombe Vitano na Shamba la Mgeta

Ndugu msomaji, usikimbie. Najua hesabu zikitajwa katika jarida la hadithi na mashairi watu hufunua ukurasa harakaharaka. Lakini haya ya leo yana shamba ndani yake, na shamba limeshawagombanisha hata ndugu wa tumbo moja.

Chukua vikombe vitano vya muuza kahawa, vipange duara kwenye sinia. Anza kuvibadilisha nafasi. Kila badiliko unaweza kulirudisha nyuma, na mabadiliko mawili yakifuatana yanaleta badiliko jingine la jamii ileile. Jamii ya namna hiyo wanahesabu wanaiita kundi. Tuseme ruhusa ni kubadilishana vikombe viwili viwili, na mara zote za kubadilishana ziwe shufwa. Utapata mabadiliko 60, basi, hakuna la 61.

Humo ndani mna makundi madogo. Moja ni la kuzungusha duara tu: mabadiliko 5. Jingine ni la kukiacha kikombe kimoja, kile chenye ufa, kikae palepale, vile vinne vihangaike vyenyewe: mabadiliko 12. Sasa angalia utamu wake. Mchafuko wowote kati ya ile 60 unautengeneza kwa hatua mbili: zungusha mpaka chenye ufa kirudi kwao, kisha panga vinne vilivyobaki. 5 mara 12 ni 60. Kundi kubwa lote ni zao la hayo madogo mawili.

Kundi husemwa linatatulika kama waweza kulibandua tabaka kwa tabaka, na kila tabaka liwe la mambo yasiyojali kipi kinatangulia kipi. Nalipenda hilo neno letu, kutatua: kukiachanisha kilichotatizana, kama uzi. La 5 linatatulika. La 12 linatatulika. La 60? Wapi! Hata tabaka moja halibanduki. Abel wa Norway alikwisha kuthibitisha kwamba hakuna kanuni ya jumla ya kutatua milinganyo ya daraja la tano kwa vipeuo. Galois wa Ufaransa akaonyesha kuwa chanzo kimejificha humo kwenye makundi. Galois alikufa 1832 akiwa na miaka 20, umri wa wengi wetu tunaoandika humu.

Sasa shamba. Baba yangu alikuwa Mluguru wa Mgeta, huko juu milimani zinakotoka kabichi na njegere zinazoshushwa Morogoro mjini. Mama ni Mchagga wa Rombo. Kwa Waluguru ukoo hupitia kwa mama, na baba alikuwa akilima ardhi ya ukoo wa mama yake. Alipofariki 2019, wazee wakakaa, wakasema bila hasira yoyote: ardhi inakwenda kwa watoto wa dada yake. Mimi je? "Wewe ni wa kwa mama yako, mwanangu." Nikapanda basi hadi Rombo. Mjomba akanichinjia mbuzi, tukala, tukanywa, halafu akaniambia kihamba hupita kwa baba. "Kwenu ni Uluguru, mjomba."

Angekuwa baba ndiye Mchagga na mama Mluguru, leo ningekuwa na kwetu kuwili. We acha tu.

Pale kijiweni Msamvu washikaji walisema lazima upande mmoja unadanganya. Hapana. Kila mila peke yake ina jibu la kila mtoto, safi kabisa. Ni zikiunganishwa ndipo pakatokea mtu asiye na jibu. Mila si vikombe, najua, wala sidai kwamba wazee wa Mgeta ni kundi la mabadiliko 12. Ila mimi vikombe vilinituliza kuliko pole zote za matangani.

Na wanahesabu hawakuishia hapo. Mwaka 1955 Mjapani Noboru Itô alithibitisha kwamba kila moja ya sehemu mbili ikiwa haijali kabisa nani katangulia, zao lao linatatulika daima, tena kwa matabaka mawili tu. Wajerumani wawili, Wielandt mwaka 1958 na Kegel 1961, wakalegeza sharti: kwa makundi yenye kikomo, inatosha kila sehemu iwe karibu na hali hiyo, kwa maana ambayo wao wameipima barabara. Kwa hiyo kinachotakiwa ni upole wa ndani wa kila upande. Kutatulika peke yake hakutoshi. Rombo nani katangulia ni jambo kubwa: kifungua mimba ana lake, kitinda mimba hubaki na nyumba ya baba, wa katikati atajiju. Mgeta nako usiguse tuta kabla ya kujua nani dada mkubwa.

Shangazi amenipa matuta sita, nilime mpaka wajukuu zake watakapoyahitaji. Mkubwa wao yuko darasa la nne. Msimu huu nimepanda njegere.