Nilivyolipunguzia Ini Langu Mafuta

Leo naomba niwaeleze habari ya ugonjwa ulionipata mimi mwenyewe, nao ni ugonjwa wa ini lenye mafuta. Naandika kwa sababu mbili. Ya kwanza, watu wengi wanao wala hawajui. Ya pili, nilipoanza kujitibu majirani walininong'ona vibaya, na huenda hata wewe msomaji umewahi kumnong'ona mwenzio kwa jambo kama hilo.

Mimi ni mtu wa milima ya Umatengo, wilaya ya Mbinga. Kwa miaka mingi nilikuwa karani wa mizani katika chama chetu cha ushirika. Kazi yangu ilikuwa kupima kahawa ya wakulima, kuandika kilo kitabuni, na kukaa. Zamani nilipanda na kushuka milima hii kwa miguu. Baadaye nikapata pikipiki, nikasahau hata njia ya kisimani. Msimu wa kahawa ukifika, kila mkulima aliyepata fedha alitaka kunikirimu: huyu soda, yule chai na chapati, mwingine nyama ya kukaanga. Kukataa ni kumvunjia mtu heshima. Basi kitambi kikaja, wala sikukionea haya. Watu walisema, "Karani amenawiri," nami nikafurahi.

Mwezi wa Septemba 2023 nilishikwa na maumivu ya tumbo, nikaenda hospitali. Daktari, kijana wa umri wa mwanangu, aliniamkia, akanilaza kitandani, akanipaka tumboni kitu chenye utelezi kama mlenda, akapitisha chombo chake huku akitazama picha. Kipimo hicho huitwa ultrasaundi. Kisha akasema, "Mzee, maumivu yako ni ya vidonda vya tumbo, hayo tutayatibu. Lakini nimeona jambo jingine. Ini lako limejaa mafuta."

Nikamjibu upesi, "Mimi pombe niliacha zamani." Akasema, "Najua, mzee. Pombe huleta mafuta katika ini, lakini si pombe peke yake."

Akanieleza kwa subira. Ini liko upande wa kulia, chini ya mbavu, na kwa mtu mzima uzito wake ni kama kilo moja na nusu. Ndilo ghala la mwili na ndilo kiwanda chake. Chakula kikizidi kazi anayofanya mtu, ziada hugeuzwa mafuta, na mengine hukaa humo humo katika ini. Mafuta yakipita 5 kwa mia ya ini, huo ndio ugonjwa. Watu wengi hukaa nao miaka bila maumivu yo yote. Lakini kwa wengine ini huanza kuharibika ndani kwa ndani, likapata makovu, na mwisho likawa gumu na kusinyaa, au likapata saratani. Tena ugonjwa huu huandamana na kisukari na maradhi ya moyo. Inakadiriwa kwamba zaidi ya robo ya watu wazima wa dunia wanao. Alinipima damu pia asije akachanganya jambo langu na homa ya ini iletwayo na virusi, maana huo ni ugonjwa mwingine na matibabu yake ni mengine.

Mwisho akanipandisha juu ya mizani. Kilo 88! Mimi niliyepima maelfu ya magunia ya wenzangu sikuwa nimejipima mwenyewe hata mara moja katika miaka kumi.

Nikamwambia, "Haya, daktari, niandikie dawa." Akasema, "Ya ini sikuandikii, mzee. Dawa yako ni kupunguza uzito polepole, kubadili chakula, na kutembea." Msomaji, nasema kweli, nilikasirika. Nimelipa nauli, nimelipa kipimo, halafu naambiwa nikatembee! Niliona kwamba kijana yule amenidharau.

Basi nikafanya ujinga. Siku ya mnada nilimkuta mtu anauza chupa za dawa chungu, anatangaza kwa kipaza sauti kwamba inasafisha ini kwa siku ishirini na moja. Nikanunua chupa tatu. Fedha nilizotoa zilikuwa za mahindi tuliyouza kwa ajili ya ada ya binti yetu Agnes aliye chuoni. Mke wangu sikumwambia. Siku ya tano nilianza kutapika na kukosa nguvu, ndipo akaziona chupa chini ya kitanda. Hakupiga kelele. Aliuliza tu, "Baba Agnes, maji haya nani ameyapima?" Nilikosa jibu. Agnes alichelewa kurudi chuoni wiki mbili, na jambo hilo linaniuma mpaka leo.

Sisemi kwamba chupa zile ndizo zilizonitapisha, maana hakuna aliyezipima. Lakini niliporudi kwa daktari alinieleza hivi: karibu kila tunachokimeza lazima kipite katika ini, na ini ndilo huhangaika nacho. Dawa nyingine za mitishamba zimejulikana kuwaharibu watu maini. Hakuna kinywaji kiwezacho kuliosha ini kama sufuria. Ini hujisafisha lenyewe likipunguziwa mzigo.

Kisha akanipa habari iliyonitia moyo. Mwaka 2015 madaktari wa nchi ya Kuba walitangaza matokeo ya kazi yao. Waliwachukua wagonjwa 293 ambao maini yao yalikwisha kuanza kuharibika kwa mafuta, wakawaongoza mwaka mzima kwa chakula na mazoezi tu. Katika wale waliopunguza uzito wao kwa 10 kwa mia au zaidi, wagonjwa 9 kati ya kila 10 ugonjwa ule wa ndani uliondoka, na karibu nusu yao hata makovu yalipungua. Lakini daktari hakunificha upande wa pili: katika wote 293, waliofika hata 5 kwa mia walikuwa 88 tu. "Unaona, mzee," akasema, "dawa ina nguvu, ila wanaoimaliza ni wachache."

Nikapiga hesabu kama karani. Kwa kilo zangu 88, 5 kwa mia ni kilo nne na nusu hivi, na hapo mafuta ya ini huanza kupungua. 10 kwa mia ni karibu kilo tisa. Akanionya nisifanye haraka, nisizidi kilo moja kwa wiki, maana kujinyima chakula ghafula kwaweza kulidhuru ini badala ya kuliponya.

Sasa nitawaeleza tulivyofanya nyumbani. Nasema tulivyofanya, kwa sababu mtu mmoja hawezi peke yake. Mke wangu alikataa kunipikia chungu changu mbali. Alisema, "Kikikufaa wewe kitatufaa sote."

Kwanza tuliacha soda, na sukari katika chai tukaipunguza kidogo kidogo mpaka ikaisha. Chupa moja ya soda ina sukari kama vijiko vya chai vinane. Sehemu moja ya sukari hiyo hushughulikiwa hasa na ini, na ikizidi hugeuka mafuta papo hapo. Maji ya matunda yaliyokamuliwa yana shida hiyo hiyo. Bora tunda lenyewe, ulitafune.

Pili, sahani. Zamani nilikula mlima wa ugali na mboga kidogo pembeni. Sasa nusu ya sahani ni mboga za majani, robo ni maharage au samaki, robo ni ugali wa dona. Mafuta ya kupikia mke wangu huyapima kwa kijiko, hayamimini tena. Nyama ya kukaanga na maandazi vimekuwa vitu vya siku moja moja.

Tatu, miguu. Pikipiki nilimwachia mwanangu kwa kazi zake. Kila siku, isipokuwa Jumapili, nilitembea nusu saa kwa mwendo wa kuhema kidogo. Yaani saa tatu kwa wiki, na madaktari hutaka zisipungue mbili na nusu. Yafaa mjue kwamba kutembea hupunguza mafuta ya ini hata kabla kilo hazijashuka. Mwezi wa Machi niliingia shambani kufyeka nyasi za ngoro, yale mashimo tunayolimia milimani, kazi ambayo kwetu ni ya wanaume na ambayo kwa miaka mingi nilikuwa nikiwalipa vijana.

Nne, kahawa. Wenye kunywa kahawa mara kwa mara wameonekana kuwa na makovu machache katika ini kuliko wasiokunywa. Sisi huku tunailima, tunaiuza yote, tunakunywa chai ya sukari! Sasa nakunywa vikombe viwili kwa siku, bila sukari, asubuhi na mchana. Lakini kahawa ni msaada tu, haichukui mahali pa hayo mengine.

Msidhani ilikuwa rahisi. Sikukuu ya Noeli nilisahau yote, nikapata tena kilo mbili. Na nilipofika kilo 82, nguo zikawa kubwa, manong'ono yakaanza. "Karani amekwisha." "Ana ule ugonjwa, tazama shingo." Hata dada yangu alikuja kutoka kijiji cha pili, akalia, akaniuliza kama nimeandika wosia. Mke wangu alipopita kisimani wanawake walinyamaza. Hapo nilikaribia kuacha. Niliwaza, heri kitambi na heshima yangu.

Mke wangu ndiye aliyeniambia, "Waeleze." Basi katika mkutano wa chama nilisimama, nikasema mbele ya wote kwamba nina mafuta katika ini na ninajikondesha kwa makusudi, kwa shauri la daktari. Wengine walicheka. Lakini jioni ile wanaume wawili walinifuata nyumbani, kila mmoja kwa wakati wake, wakaniuliza kipimo kile hufanywa wapi. Mmoja wao alikutwa na kisukari asichokijua.

Mwezi wa Oktoba 2024 nilirudi hospitali. Mizani ilisema kilo 79. Daktari akatazama picha kwa muda mrefu, akasema mafuta yamebaki kidogo sana. Hadi leo namshukuru kijana yule kwa kuninyima dawa.

Tangu Machi 2024 ipo dawa ya vidonge iliyokubaliwa kule Marekani kwa wenye makovu ya kadiri, na baadaye nyingine imefuata. Ni jambo jema. Lakini hata hizo hutolewa pamoja na chakula bora na mazoezi.

Nawe msomaji, ukiwa na tumbo kubwa, au kisukari, au shinikizo la damu, mwulize mganga wa zahanati yako habari za ini. Ukiwa na dawa za kisukari usiziache kwa kusoma maneno yangu; mweleze daktari kwanza kwamba unataka kupunguza uzito. Unywaye pombe, iache. Na ukiona macho ya manjano, tumbo linajaa maji, au unatapika damu, usianze kutembea wala kuhesabu vijiko; nenda hospitali siku ile ile.

Na ukimwona jirani amekonda, usimzike kabla hajafa. Mwulize habari zake. Akija kwako mgeni akasema hanywi soda, usione amekudharau. Mpe maji, au kahawa isiyo na sukari. Mimi nililipata jambo hili kwa kukirimiwa miaka mingi, na nilikaribia kulirudia kwa kuogopa maneno ya watu.

Wasalaam. Ni mimi, karani wenu wa zamani wa mizani.