Dakika za Anayesubiri

Feri ya Likoni ikitua upande wa kisiwani, watu humwagika kwa mamia, wakiwemo wanafunzi wanaokwenda Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa kule Tudor. Baada ya muda mfupi kituo huwa kitupu. Ratiba inayodhani kwamba abiria huja mmoja mmoja itawaonea watu hawa.

Niliwahi kuijenga safari hiyo ndani ya kompyuta: mabasi ya chuo ya kubuni, abiria wa kubuni, siku nzima inapita kwa sekunde chache, kisha nabadili jambo moja na kuanza upya. Hakuna anayekosa mtihani kwa sababu ya jaribio langu.

Mabasi yaliondoka kila baada ya dakika 10. Lililokutana na umati wa feri lilikawia kupakia, likafika barabara ya Digo limechelewa, likakuta watu wengi zaidi, likazidi kuchelewa. La nyuma yake likakuta vituo vitupu, likakimbia. Yakaingia Tudor yakifuatana kama siafu, wala hakuna dereva aliyezembea.

Msimamizi wa mabasi atasema wastani bado ni dakika 10, na kweli. Lakini mfikirie mwanafunzi wa Mji wa Kale, anayepita vichochoro visivyoingia basi na kutokea Digo wakati wowote. Mabasi yakipishana dakika 2, kisha 18, kati ya wanafunzi 10 kama yeye, 9 huangukia kwenye lile pengo refu. Badala ya kusubiri dakika 5 kwa wastani, watasubiri zaidi ya 8. Basi na abiria wana hesabu mbili tofauti.

Jambo hili limenikaa moyoni kuliko yote niliyojifunza kazini. Mzazi anayepigiwa simu kila siku juma moja, kisha kimya mwezi mzima, haishi katika wastani wa simu zetu. Anaishi katika ule mwezi.

Dawa iliyofaa ilikuwa kulizuia basi la nyuma kidogo pale Digo, hata kama kituo ni kitupu. Waliomo hupoteza dakika moja, na wanaosubiri vituo vya mbele huokoa nyingi. Matatu haiwezi kuombwa hivyo: utingo ana fedha za kumpelekea mwenye gari jioni, na dakika ile atailipia yeye. Basi la chuo, ambalo dereva wake analipwa mshahara, linaweza.

Mabasi yangu yalikuwa ya kubuni; ratiba ya kweli inahitaji takwimu za kweli. Mwaka 2014 mradi wa Digital Matatus, ulioshirikisha Chuo Kikuu cha Nairobi, ulitoa ramani ya njia za matatu za Nairobi, iliyochorwa kutokana na takwimu zilizokusanywa kwa simu za mkononi. Wanafunzi wa Tudor nao wanazo simu. Waanzie pale feri: waandike saa inapotua, saa basi linapoondoka, na wangapi wameachwa wamesimama.