Tunduma: Mji uliokua kwa foleni unajifunza kuishi bila foleni

Msafiri anayetoka Mbeya kwenda Tunduma, safari ya kilometa zipatazo 100, hujua amekaribia mji kabla hajaona nyumba. Huanza kuona malori. Yamepangana pembeni mwa barabara kuu, pua kwa mkia, na siku mpaka unapoelemewa mstari huo hufika Mpemba na kuzidi. Yamebeba mafuta, mbolea, ngano na mashine yaliyoshushwa bandari ya Dar es Salaam, zaidi ya kilometa 900 nyuma. Mengi hayaishii Zambia, bali yataivuka hadi Lubumbashi na Kolwezi nchini Kongo, kisha yarudi na shaba.

Mbele ya malori hayo kuna geti, na baada ya geti ni Nakonde, Zambia. Miji hii miwili imeshikana kiasi kwamba mgeni akitazama kutoka mlimani hawezi kusema Tanzania inaishia wapi.

Kwa dereva na tajiri wake, foleni ni hasara. Kwa familia nyingi za Tunduma, foleni imekuwa shamba. Dereva akikwama siku tatu anahitaji milo tisa, maji ya kuoga, kitanda, vocha na fundi wa matairi. Utingo wake anahitaji chai ya asubuhi, kwa sababu baridi ya Juni na Julai huku ni kali. Kila hitaji hilo lina mtu anayeliuza, na nyuma ya mtu huyo kuna watoto wanaosubiri sare na madaftari. Ndiyo maana swali la lini foleni itaisha, ambalo Dar es Salaam na Lusaka ni swali la uchumi, Tunduma ni swali la nyumbani.

Mstari uliochorwa Berlin

Mpaka huu haukuwekwa na wenyeji. Julai 1, 1890 Waingereza na Wajerumani walitia saini mjini Berlin mkataba wa kugawana maeneo ya Afrika, na moja ya mistari yake ikapita kati ya Ziwa Nyasa na Ziwa Tanganyika. Ardhi ya Wanyamwanga ikakatwa vipande viwili. Leo wapo Wanyamwanga Watanzania na Wanyamwanga Wazambia, wenye koo zilezile na salamu zilezile. Msiba ukitokea Nakonde, shangazi wa Tunduma anafunga kanga na kwenda. Kwake hiyo si safari ya nje ya nchi.

Kilichoufanya mpaka kuwa mji ni siasa za kusini. Novemba 1965 walowezi wa Rhodesia walijitangazia uhuru wao, na Zambia, iliyokuwa na uhuru wa mwaka mmoja tu, ikajikuta njia yake ya kwenda baharini iko mikononi mwa utawala isioweza kuutegemea. Mafuta yakaanza kubebwa kwa malori kutoka Dar es Salaam kwenye barabara ya vumbi na tope. Mwaka 1968 bomba la TAZAMA likafika Ndola. Barabara kuu ikawekwa lami, kisha China ikasaidia kujenga reli ya TAZARA, kilometa 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi, iliyokabidhiwa rasmi mwaka 1976. Barabara na reli zote mbili zinavuka hapa.

Baada ya hapo watu walifuata mizigo. Walitoka Mbozi, Rungwe, Kyela, Njombe na mbali zaidi. Barabara ya kwenda Sumbawanga nayo inaanzia hapa, kwa hiyo mahindi ya Rukwa hupita mlangoni. Sensa ya 2012 ilikuta mji huu haujafika watu 100,000. Ile ya 2022 ilikuta wamezidi 200,000. Mkoa wenyewe wa Songwe ulizaliwa katikati ya miaka hiyo, mwaka 2016, ulipomegwa kutoka Mbeya, na makao makuu yake yakawekwa Vwawa.

Hatua chache, saa moja nyuma

Jambo la kwanza linalomchanganya mgeni ni saa. Zambia iko nyuma ya Tanzania kwa saa moja. Ukiondoka Tunduma saa 2:00 asubuhi na kutembea dakika tano, unafika Nakonde saa 1:05. Wafanyabiashara wakipatana kukutana, ni lazima waulizane: saa ya huku au ya kule? Aliyekosea hukuta basi la Lusaka limeondoka, au husubiri duka lifunguliwe saa nzima.

Jambo la pili ni fedha. Mama anayeuza upande mmoja na kununua upande wa pili anapiga hesabu za shilingi na kwacha kichwani bila kalamu. Januari 1, 2013 Zambia iliondoa sifuri tatu kwenye noti zake, kwacha 1,000 za zamani zikawa kwacha moja mpya, na watu wa mpakani wakalazimika kujifunza upya bei ya kila kitu. Mwaka 2015 kwacha iliporomoka vibaya dhidi ya dola. Mzambia aliyezoea kununua gunia alikuja kununua debe, na aliyemkopesha mteja kwa kwacha alirudishiwa fedha ileile ikiwa imepungua nguvu.

Jambo la tatu ni mchele. Katika masoko ya Zambia, hadi Lusaka, kuna mchele unaoitwa mchele wa Nakonde, na wateja wanaupenda kwa harufu yake. Sehemu kubwa ya mchele huo ulilimwa Kyela, Mbarali na maeneo mengine ya Tanzania. Umevuka barabara, ukabadili jina, ukaendelea na safari. Vitenge navyo huvuka, kadhalika viatu, vyombo vya plastiki na magari yaliyotumika kutoka Japani, ambayo huendeshwa kutoka Dar es Salaam yakiwa bado na karatasi za bandarini kwenye kioo. Hata ugali hubadili jina. Ukivuka, utaukuta mezani ukiitwa nshima, au ubwali kwa Kibemba.

Watoto wa hapa hukua na lugha tatu au nne bila kufundishwa. Wanajua Kiswahili, Kinyamwanga au Kinyiha cha nyumbani, Kibemba cha sokoni, na Kiingereza kidogo cha kumwelekeza dereva. Mzazi wa mjini anayelipa ada kubwa ili mwanawe ajue lugha mbili angeshangaa.

Amri hutoka mbali

Familia ya mpakani hufuatilia habari za Dodoma na Lusaka kama mkulima anavyotazama mawingu, maana tamko moja linaweza kufunga biashara usiku.

Mahindi ndiyo mfano mzuri. Juni 2017 Serikali ya Tanzania ilizuia kuuza nje mahindi ghafi, ikitaka yasagwe kwanza. Lengo lilikuwa kulinda chakula na viwanda vya ndani, lakini aliyekuwa na magunia njiani alibaki nayo. Miaka saba baadaye upepo ukageuka. Februari 29, 2024 Rais Hakainde Hichilema alitangaza ukame kuwa janga la taifa, na mwaka huohuo Tanzania ikakubali kuiuzia Zambia tani 650,000 za mahindi. Mahindi yaliyokuwa marufuku yakawa msaada kwa jirani, na Tunduma ikawa njia yake.

Mei 2020, wakati wa Uviko-19, Zambia ilifunga mpaka wa Nakonde kwa siku kadhaa baada ya maambukizi kupanda ghafla. Aprili 2025 Tanzania ilizuia kwa muda mfupi mazao ya kilimo kutoka Afrika Kusini na Malawi. Mara zote mbili, walioguswa mwanzo hawakuwa mawaziri bali wapakiaji, madereva na akina mama lishe.

Hata uanachama wa jumuiya unawagawa. Nchi zote mbili zimo SADC, lakini Tanzania ilijitoa COMESA mwaka 2000, na Zambia haimo Jumuiya ya Afrika Mashariki. Muuza nyanya hajali herufi hizo, ila zinaamua fomu gani ajaze na ushuru gani alipe. Akishindwa kuzielewa, anashawishika kupita njia za panya.

Hasira na matumaini ya mji huonekana pia kwenye masanduku ya kura. Mwaka 2015 jimbo la Tunduma lilichukuliwa na CHADEMA, na mwaka 2020 likaenda CCM. Kampeni za hapa, chama chochote kile, hazikwepi maji, ushuru, maeneo ya wamachinga na foleni ya malori.

Geti jipya

Oktoba 5, 2019 marais wa wakati huo, John Magufuli na Edgar Lungu, walizindua kituo cha huduma za pamoja mpakani. Utaratibu wake ni rahisi. Zamani msafiri alisimama mara mbili, kwanza kuaga nchi anayotoka, kisha kuomba kuingia nchi anayokwenda. Sasa maofisa wa nchi mbili wanakaa jengo moja. Anayekwenda Zambia anamaliza yote Nakonde, na anayekuja Tanzania anamaliza yote Tunduma.

Foleni hazijaisha. Mfumo wa kompyuta ukigoma, au magari yakizidi, malori hurudi barabarani. Lakini mwelekeo wa mambo unaonekana. Mwaka 2023 bomba la TAZAMA lilianza kupitisha dizeli iliyokwisha kusafishwa, mzigo ambao ulikuwa ukibebwa na malori. Mwaka 2025 ulitiwa saini mkataba na kampuni ya China wa kuifufua TAZARA, wenye thamani ya dola bilioni 1.4 za Marekani. Upande wa magharibi, reli ya kwenda bandari ya Lobito, Angola, inayoungwa mkono na Marekani na Umoja wa Ulaya, inaitaka shaba ileile inayopita hapa.

Yote haya ni mema kwa nchi, kwani mzigo ukienda haraka bei hushuka. Ila mama aliyesomesha watoto kwa uji na chapati za madereva wanaosubiri ana haki ya kuuliza yeye atauza kwa nani. Wapo walioanza kujibu wenyewe. Wamehama kutoka sahani ya dereva kwenda gunia la mchele, kwa sababu mchele huvuka hata lori lisiposimama. Wengine wamejenga vyumba vya kupangisha, maana mji unajaa wakazi na si wapita njia tu. Wengine wamerudi shambani Mbozi, kwenye kahawa na mahindi. Anayepata shida zaidi ni yule aliyetegemea kibanda kimoja na mteja wa aina moja.

Mtoto wa pande mbili

Mpaka wenye fedha nyingi za haraka una mitego yake kwa watoto. Mtoto anayebeba kifurushi cha mtu kwa kupita vichochoroni hupata noti leo, na kesho haoni sababu ya kwenda darasani. Msichana anayeuza karanga kwenye malori jioni hukutana na watu wazima waliokaa mbali na nyumbani kwa wiki nyingi. Wazazi wa Tunduma wanalijua hilo, na wenye busara wameweka sheria moja: jua likizama, mtoto hauzi barabarani, hata kama mauzo ya siku ni mabaya.

Kuna jambo jingine ambalo wengi hulikumbuka limeshachelewa. Ndoa za kuvuka mpaka ni nyingi, na mtoto wa baba Mzambia na mama Mtanzania anaweza kuwa raia wa kote kuwili akiwa mdogo. Zambia inaruhusu uraia pacha tangu katiba yake ilipofanyiwa marekebisho mwaka 2016. Tanzania haimruhusu mtu mzima kuwa nao, kwa hiyo kijana anapofika miaka 18 anatakiwa kuchagua. Kijana asiye na cheti cha kuzaliwa hana hata cha kuchagulia. Atakwama kwenye kitambulisho cha taifa, kwenye mkopo wa chuo, na kwenye ajira.

Bahati nzuri njia ipo. Mpango wa kuwasajili watoto wa chini ya miaka mitano bila malipo, kwenye vituo vya afya na ofisi za kata, ulianzia Mkoa wa Mbeya mwaka 2013, wakati Tunduma ingali ndani yake. Mzazi wa mpakani anayekwenda kliniki kwa chanjo anaweza kurudi na cheti. Karatasi hiyo itamfaa mtoto kuliko faida ya foleni ya wiki nzima.

Ukipita na familia

Mzazi anayepanga kuvuka na watoto ahakikishe kila mmoja ana hati yake ya kusafiria, na abebe vyeti vya kuzaliwa na kadi za chanjo ya homa ya manjano. Fedha abadilishie dukani penye leseni, si kwa kijana aliyeshika mabunda barabarani. Asikubali kumshikia mtu mzigo hata mara moja, hata aombwe kwa machozi. Na kabla ya kukata tiketi ya basi la ng'ambo, aulize: saa ya huku au ya kule?

Kisha, akipata nafasi, asikimbie kupita. Akae kwa mama lishe, aagize wali, awaache watoto wasikilize lugha zinazopishana mezani. Watajifunza kuwa chakula, nauli na ada za nyumbani kwao navyo hupita kwenye mageti kama hili, na kwamba pembeni ya kila geti kuna mzazi anayepiga hesabu.