Kumtafuta bata wa moshi Mtwara

Bata wa moshi wa Sichuan, huko China, hulazwa kwenye chumvi na viungo, hufukizwa kwa majani ya chai na kuni za mkafuri, huivishwa kwa mvuke, kisha hukaangwa. Padre wetu mzee aliwahi kumla ugenini. Mwezi ule, akiwa hagusi chakula tangu atoke hospitali, alichotaja ni hicho tu.

Sisi mafrateri tukaingia mjini kwa matumaini. Bomba la gesi la kwenda Dar es Salaam lilijengwa na Wachina na kuzinduliwa mwaka 2015, basi tulidhani wameacha na jiko lao. Migahawa ikatupa wali kwa pweza, mishikaki, na bata mmoja wa mchuzi, mgumu kama kandambili (tulimlipia, tukamtafuna).

Mikindani, mama mmoja anayekausha samaki kwa moshi alitusikiliza. "Leteni bata, wanangu. Maganda ya korosho msilete, moshi wake unawasha." Akatumia makumbi ya nazi, nasi tukatupia majani ya chai. Sichuan haikuwa, ngozi ilitoka nyeusi mno. Padre alikula paja zima, akauliza kama shingo imebaki.