Saa ya mkononi na sitara yetu

Apple walipotangaza saa yao Septemba 9, 2014, sisi tuliwaza sala kwanza. Tangu Novemba mwaka huo wataalamu waliweza kuiandikia programu, ingawa saa yenyewe ilikuwa haijaanza kuuzwa. Itakugusa mkononi kimyakimya wakati ukiingia. Hata bi harusi aliyezungukwa na wageni hatapitwa na Magharibi.

Ila tunawaomba waandishi wa programu jambo moja. Mwanamke ana siku zake asizosali. Wekeni namna ya kuzima ukumbusho bila kuulizwa sababu. Na mpangilio huo ukae kwenye simu, si kwenye kioo cha saa kinachoonwa na kila mtu. Saa isije ikamuumbua mwari wetu mbele ya wakwe.