Sauti ya Kiti cha Kulia

Nilipoingia katika kazi ya urubani, Shirika la Ndege la Afrika Mashariki lilikuwa lingali hai, makao yake Embakasi, na vijana wa Tanzania, Kenya na Uganda tuliofuzu katika chuo cha Soroti, kilichoanzishwa mwaka 1971, tulipangwa safari pamoja bila ya mtu kumwuliza mwenziwe katoka upande gani wa mpaka. Mimi nilitiwa katika Fokker Friendship, ndege yenye mabawa ya juu na injini mbili za Rolls-Royce Dart zenye mluzi wa kutoboa masikio. Kapteni huketi kushoto na msaidizi wake kulia, na katika zama zile yule wa kushoto alikuwa sultani: alipokohoa, sisi wa kulia tulinyamaza.

Ala zetu zilikuwa haba. Tulifuata mshale ulioelekea penye kituo cha redio cha ardhini, na hesabu ya upepo na wakati tukaifanya wenyewe kwa penseli. Mshale huo ulikuwa na hiana zake, kwani penye radi kubwa huweza kukiacha kituo ukaielekea radi, yaani humwonyesha rubani, kwa uaminifu kabisa, mahali pale hasa asipopaswa kwenda. Wakati mmoja wa masika, tukiambaa pwani kwenda Mtwara, nao mto Rufiji umeyatia maji ya bahari rangi ya udongo, niliuona mshale ukitangatanga, nami nikasema kwa adabu niliyolelewa nayo, "Kapteni, naona wingu lile limekuwa zito kidogo." Akajibu, "Nimeliona, mwanangu," na mazungumzo yakaishia hapo. Kweli alikuwa ameliona, na tulilizunguka salama. Lakini lau asingeliliona, sijui ningeliongeza neno gani, maana kumsahihisha mzee mara mbili hatukufunzwa, si chuoni wala nyumbani.

Mwaka 1977 shirika letu lilivunjika, kila nchi ikaunda lake, na wengine wetu tukaingia Air Tanzania. Mwaka huohuo, tarehe 27 Machi, ndege mbili kubwa aina ya Boeing 747 ziligongana katika ukungu kwenye njia ya kurukia huko Tenerife, wakafa watu 583. Katika ndege iliyokuwa ikianza kuruka, injinia wake aliuliza kama ile nyingine imekwisha kutoka njiani. Kapteni, mtu wa cheo na sifa, akajibu kwa yakini kuwa imetoka, na injinia hakuuliza tena.

Baada ya msiba huo yalianzishwa katika mashirika ya ndege mafunzo ya namna mpya, ya kumfunza mkubwa kusikiliza na mdogo kusema wazi. Yalipotufikia sisi, baadhi ya makapteni waliyachukia, wakidai kwamba heshima inabomolewa, na sitawacheka, kwa kuwa kwetu sisi jambo hilo lilikuwa gumu kuliko kujifunza injini mpya.

Siku hizi nikikaribishwa katika Airbus A220, ambayo Tanzania iliipokea kwa mara ya kwanza mwaka 2018, naoneshwa vioo vitano vikubwa vyenye ramani, hewa na injini, na wenyeji wangu hutaraji nistaajabu. Navistaajabia, si haba. Lakini kilichonigusa zaidi ni kapteni mmoja kijana, aliyekwisha kuniamkia "Shikamoo, Kapteni," kumgeukia rubani msaidizi wake, binti mdogo kuliko mwanangu wa mwisho, na kumwambia, "Ukiona neno lisilokupendeza, sema papo hapo." Binti akaitikia, "Sawa, Kapteni," kama aliyezoea kuambiwa hivyo.

Wapo wazee wenzangu wasemao kwamba marubani wa leo ni watazamaji wa vioo tu. Sikubaliani nao. Mimi nikisafiri sasa kama abiria, huketi nyuma kwa raha, kwa kuwa najua yule wa kulia akisema, "Kapteni, tusitue, turudi juu," ndege itarudi juu kwanza, na maswali yataulizwa baadaye.