Nililipia maswali, si msuko

Wahenga walisema akili ni nywele, kila mtu ana zake. Walikuwa wakizungumzia akili, lakini ukiingia katika saluni nyingi za jiji hili utadhani kwamba kuhusu nywele zenyewe jambo hilo lilisahaulika zamani. Mteja wa kwanza hupakwa dawa kutoka kopo lile lile, huketishwa chini ya draya ile ile kwa dakika zile zile, na mteja wa kumi vivyo hivyo. Mwenye nywele nzito na mwenye nywele nyembamba kama utando wa buibui hutendewa sawa, na anayepata madhara huambiwa kwamba nywele zake ndizo zenye kisirani.

Nyumbani kwetu hapa Nairobi tuko wanawake watatu: mimi, binti yangu na wifi yangu. Binti ana nywele za dawa zinazochanganyika na za asili. Wifi ni mtu wa dawa tangu usichana wake na hana nia ya kuacha. Mimi sijatia dawa kwa zaidi ya miaka 10. Hata hivyo, sote tulikuwa tukitumia chanuo moja na kopo moja la mafuta, kama vile tunavyotumia dawa moja ya meno.

Binti yangu ana umri wa miaka 21 na anasomea chuo kikuu. Katika shule ya bweni alinyolewa karibu na ngozi kwa miaka minne, kama ilivyo kanuni katika shule zetu nyingi za wasichana, na alipomaliza Kidato cha Nne alikuwa na kiu ya nywele kama mtu aliyetoka jangwani. Alitia dawa. Juu ya dawa akasukwa rasta. Rasta zilipofumuliwa akashonewa nywele za kununua, na zilipotolewa hizo akasukwa mistari midogo iliyokazwa hadi nyusi zikainuka. Usiku ule alilala kwa vidonge vya kutuliza maumivu, na asubuhi wenzake wakamsifu kwa kupendeza.

Mwaka jana mapanja yake yakaanza kupanda. Kwanza ilikuwa sehemu ndogo juu ya sikio la kushoto, kisha pande zote mbili, mpaka paji la uso likawa pana kuliko la babake. Msichana aliyekuwa akiimba mstari wa mbele katika kwaya akahamia nyuma, halafu akaacha kabisa. Harusi ya binamu yake alihudhuria akiwa amejifunga kilemba, na kila mpiga picha alipokaribia yeye alikuwa amekwenda msalani. Mzazi anayedhani kwamba hayo ni mambo madogo ya urembo hajamsikia mtoto wake akilia bafuni huku akiwa ameufungulia mfereji maji ili asisikike.

Hapo ndipo washauri wa bure walipomiminika. Jirani alituletea maji ya mchele katika chupa ya soda. Mwenzangu kazini aliapa kwa maji ya kitunguu, na kwa wiki mbili nyumba yetu ilinuka kama jiko la pilau. Mwenye duka mmoja katikati ya jiji alituuzia mafuta ya mbarika akituhakikishia kwamba hata ukiyapaka kwenye jiwe litaota nywele. Wote hao walikuwa na nia njema (mwenye duka simwekei dhamana), lakini hakuna hata mmoja aliyeuliza swali lolote.

Mama mmoja wa kanisani ndiye aliyenieleza habari za mwanamke fulani wa makamo aliye na chumba chake Ngara, ghorofa ya pili. Hasuki, hatii dawa wala hauzi wigi. Kazi yake ni kutoa ushauri wa nywele kwa mtu mmoja mmoja, kwa miadi. Alikuwa msusi kwa miaka mingi kabla ya kwenda kusomea mambo ya nywele na ngozi ya kichwa. Ada yake ni Sh1,500 kwa saa moja.

Baba watoto alipoisikia bei hiyo aliweka gazeti chini. “Mama watoto, unalipa elfu moja na mia tano, na mtoto anarudi na kichwa kile kile?” Mama mkwe, aliyekuwa ametutembelea kutoka mashambani, alicheka hadi akajifuta machozi. Enzi zake, alisema, msichana alikaa kati ya magoti ya shangazi na kichwa kikatazamwa bila senti kutoka mfukoni.

Nimeifikiria sana kauli hiyo ya mama mkwe, kwani ndiyo iliyonifanya nilipe. Shangazi yule alikuwa amekisuka kichwa kimoja tangu utotoni. Alijua ni nani aliyeugua, ni nani aliyejifungua juzi, na ni mama wa nani aliyepoteza nywele akiwa na umri gani. Msusi wa jijini hukuona mara moja, kuna wateja watano wanaosubiri kwenye benchi, na malipo yake huhesabiwa kwa idadi ya vichwa. Simlaumu, kwani kodi ya kibanda hailipwi kwa mazungumzo. Lakini muda ule wa shangazi ndio hasa ulioadimika, na anayeutaka mjini sharti aununue.

Tulikuwa tumeagizwa twende na nywele zilizooshwa, bila mafuta wala jeli. Kwa dakika 20 za kwanza mwanamke yule hakugusa kichwa. Aliuliza tu na kuandika katika daftari. Mara ya mwisho kutia dawa ilikuwa lini, na ilikaa kichwani kwa muda gani? Je, iliwahi kuunguza? Rasta hukaa wiki ngapi? Je, kichwa huuma au hutoa vipele baada ya kusukwa? Unalalia kitambaa gani? Unakula nini siku za mitihani? Hedhi ni nyingi kiasi cha kukuishia damu? Kuna dawa zozote za hospitali unazomeza? Katika ukoo wenu kuna mwanamke mwenye upara?

Kisha akawasha taa, akachukua lenzi na kuanza kuzitenga nywele kwa mkia wa chanuo, sehemu baada ya sehemu. Alipofika kwenye mapanja alimwita binti yangu atazame kwenye kioo. “Mwanangu, unaviona vinywele hivi vya malaika? Hapa mizizi ingali hai. Ungekawia miaka mingine michache ngozi ingekuwa nyororo kama kiganja, na hapo mimi nisingekuwa na la kukuambia.”

Alitueleza kwa lugha nyepesi. Dawa ya kunyoosha, ile ya kawaida ya saluni, ina hidroksidi ya sodiamu, yaani kostiki ile ile inayotumiwa kutengenezea sabuni na kuzibulia mabomba, ingawa kwa kipimo kidogo. Huvunja viungo vya ndani vinavyoufanya unywele ujikunje. Viungo hivyo hivyo ndivyo vinavyoupa unywele nguvu, kwa hiyo unywele ulionyooshwa ni unywele uliodhoofishwa. Ukiufungia mzigo wa nywele bandia na kuukaza, kitu lazima kiachie. Profesa Nonhlanhla Khumalo wa Chuo Kikuu cha Cape Town, Afrika Kusini, amewachunguza wanafunzi na wanawake wengi kuhusu upara huu wa kuvutwa, na utafiti wake unaonyesha kwamba hatari huzidi pale msuko unapofanywa juu ya nywele za dawa. Yale maumivu ya usiku wa kwanza, ambayo wasichana wetu huyaona kuwa gharama ya urembo, ni ngozi inayopiga kelele.

Ushauri aliopewa binti yangu ulikuwa mfupi kuliko nilivyotarajia. Miezi sita bila nywele bandia na bila kubana nywele kwa nyuma. Kuosha kila wiki na kupaka kondishona. Mafuta tuliyo nayo nyumbani yanatosha, asinunue mengine. Kuhusu dawa iliyobaki kwenye ncha, alimpa hiari ya kuzikata zote au kuzipunguza polepole kadiri za asili zinavyoota, mradi awe mwangalifu pale zinapokutana kwani hapo ndipo hukatika. Binti yangu alisema watu walimnyoa miaka minne bila kumwuliza, kwa hivyo hatanyolewa tena. Mwanamke yule aliandika hilo pia katika daftari.

Alimsahihisha katika mambo mawili ambayo wasichana wa chuo huyashika kama Amri Kumi. La kwanza ni kutumbukiza unywele katika glasi ya maji ili kujua kama unafyonza maji. Unywele wenye mabaki ya mafuta huelea tu, na kipimo hicho hakisemi mengi. La pili ni zile herufi na nambari, 4A, 4B na kadhalika, ambazo chanzo chake ni mpangilio wa Andre Walker, msusi wa Oprah Winfrey, katika miaka ya tisini. Herufi hizo hueleza mkunjo tu. Hazisemi kama unywele wako ni mnene au mwembamba, wala kama ngozi iliyo chini yake ni nzima.

Tulikuwa tukijiandaa kuondoka aliponiomba nami nivue kitambaa. Nilikuwa nimejibu lile swali la ukoo kwa kusema kwamba mamangu alikuwa na upara utosini katika uzee wake na kwamba hakuwahi kutoka nje bila kilemba. Nilivua. Alitazama utosi wangu kwa muda mrefu, akaniuliza kama huniwasha na kuniunguza wakati wa usiku. Ndiyo, hufanya hivyo. Akazima taa. “Dada, hili si langu. Nenda kwa daktari wa ngozi, na usingoje mwisho wa mwezi.”

Daktari alikata kipande kidogo cha ngozi kwa uchunguzi. Nina aina ya upara unaoanzia utosini na kutambaa kuelekea nje kwa mduara, huku mizizi ya nywele ikigeuka kovu. Huwapata sana wanawake weusi wa makamo. Mwaka wa 2019 watafiti walitangaza kwamba baadhi ya wanawake wenye ugonjwa huu wana hitilafu katika jeni inayoitwa PADI3, ambayo huhusika na uundaji wa unywele. Palipokwisha kuwa kovu hapatarudisha nywele. Sindano ninazochomwa kichwani pamoja na vidonge ni za kuuzuia usienee. Mafuta ya mbarika, hata ningeyaoga, yasingenisaidia, na daktari ameniambia utosi wa binti yangu nao uangaliwe kila mwaka.

Wifi yangu alipoona hayo naye akaweka miadi, akiwa amejiandaa kwa mahubiri. Siku hizi kuna kina dada wenye nywele za asili ambao wakimwona mwenye dawa humtazama kama aliyeasi taifa. Hakuhubiriwa. Aliambiwa wazi kwamba mnamo Oktoba 2022 watafiti wa serikali ya Marekani, waliowafuatilia wanawake 33,497 kwa karibu miaka 11, walieleza kwamba wale waliotumia bidhaa za kunyooshea nywele zaidi ya mara nne kwa mwaka walikadiriwa kupata saratani ya mji wa uzazi kwa asilimia 4.05 kabla ya kufika umri wa miaka 70, na wasiozitumia kwa asilimia 1.64. Hiyo si sawa na kusema kwamba dawa ndiyo iliyoleta saratani, lakini ni habari ambayo mtu mzima anastahili kuwa nayo kabla ya kuketi kwenye kiti. Wifi alisikiliza, akasema atapunguza hadi mara tatu kwa mwaka.

Basi akafundishwa jinsi ya kujikinga. Asikune wala kuosha kichwa siku moja kabla. Ngozi ipakwe mafuta mazito kwanza. Dawa iguse nywele mpya peke yake, isivutwe hadi kwenye zilizokwisha kunyooshwa. Asitiwe dawa siku ya kufumua rasta, na rangi ingoje wiki kadhaa. Ikianza kuchoma ioshwe papo hapo, hata kama msusi anasema bado haijashika.

Kwa kuwa kazi hii inalipa, matapeli nao wameingia. Nimeketi mbele ya mmoja katika jengo lenye lifti ya vioo, akanipiga picha ya kichwa kwa simu na katika dakika tatu nilikuwa nimeandikiwa makopo matano, yote yenye jina lake. Yule wa Ngara hakuniuzia chochote, na sentensi yake yenye thamani kuliko zote ilikuwa ile ya kwamba tatizo langu si lake.

Sasa ni miezi mitano. Vinywele vya malaika vya binti yangu vimekuwa nywele za kweli, kama sentimita tatu hivi, na havilingani na nyingine hata kidogo. Amerudi kwenye kwaya, bado mstari wa nyuma. Mimi nina sindano nyingine mwezi ujao. Bafuni kwetu kuna machanuo matatu sasa, na baba watoto, ambaye hajasema lolote tena kuhusu Sh1,500, juzi aliuliza kama mwanamke yule hutazama vichwa vya wanaume pia.